Mbaazi za Meru na Chungu cha Jirani

Mahindi yakisha kuvunwa katika mashamba yaliyo chini ya Mlima Meru, na mabua yake yakisha kufungwa mizigo kwa ajili ya malisho ya ng'ombe, hubaki shambani mmea mmoja ambao mgeni apitaye njiani aweza kuudhania kuwa ni kichaka kisicho na mwenyewe. Mmea huo ni mbaazi. Ulipandwa pamoja na mahindi wakati wa masika, ukakaa kivulini mwa mwenzake kwa subira mpaka alipoondoka, ndipo ukapata jua, ukachanua maua ya manjano, ukazaa katika miezi ya kiangazi ambayo aghalabu hakuna zao jingine lililosimama, kwa kuwa mizizi yake hushuka chini mno kuutafuta unyevu usiofikiwa na mizizi ya mahindi, na majani yake yaangukapo huirudishia ardhi rutuba iliyoondoka na mahindi hayo. Kutoka Arumeru, Karatu, Babati na Kondoa mbaazi hukusanywa, hutiwa magunia, hupelekwa bandarini, na sehemu kubwa kabisa huvuka Bahari ya Hindi kwenda kupikwa dali, yaani mchuzi mzito wa punje zilizopasuliwa, katika nyumba za India. Sisi tunaoishi mlimani na mjini, ambao shamba ni letu na jasho ni letu, tunazila kwa nadra. Na wengi wetu tukiulizwa namna ya kuzipika zikapendeza, hatuna jawabu.

Nadai katika makala haya kwamba hiyo ni hasara ya mfuko, ni hasara ya siha, na ni hasara ya maarifa, na kwamba dawa yake i karibu nasi mno: chungu cha kila siku cha jirani zetu Wahindi wasiokula nyama, ambacho ni chepesi kupika kuliko tunavyodhani, na ambacho gharama yake ni ndogo kuliko ya karibu kila kitoweo kiuzwacho katika soko la Kilombero hapa Arusha.

Nianze na mfuko, kwa sababu hapo ndipo tulipoumia hadharani. Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya India, baada ya wakulima wake kupata mavuno makubwa mno ya jamii ya kunde, iliweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kwa mwaka ziwezazo kuingia nchini humo kutoka nje, mbali na zile za mikataba maalumu baina yake na nchi nyingine. Serikali ile ilikuwa na haki ya kuwalinda watu wake, wala siilaumu. Lakini huku kwetu bei iliporomoka, na mkulima aliyepanda kwa matumaini ya bei ya mwaka uliotangulia akajikuta ana magunia asiyojua amwuzie nani. Mlango ulifunguliwa tena mwezi wa Mei 2021, biashara ikarudi, na bei njema ikatusahaulisha msiba. Hata hivyo jambo lenyewe halikubadilika: zao ambalo mnunuzi wake mkubwa ni mmoja, na mnunuzi huyo yuko ng'ambo ya bahari, na wanaolilima hawalili, limo katika hatari kila msimu. Laiti nyumba za Arusha, Moshi, Babati na Dodoma zingekuwa na desturi ya kupika dali walau mara mbili kwa wiki, mkulima yule asingeokoka dhara lote, lakini angekuwa na soko la karibu la kumpunguzia kishindo.

Mbona basi hatuli? Sababu ya kwanza ni heshima ya nyama. Mji wetu ni mji wa nyama choma. Jioni moshi wake hupanda kuanzia Sakina hadi Kijenge, na Mwarusha au Mmasai anayemchinjia mgeni wake mbuzi anatimiza adabu ya wazee wake, adabu ambayo siwezi kuisema vibaya. Ninalolisema ni la siku nyingine, zile ambazo hakuna mgeni wala sherehe, na mama wa nyumba pale Ngarenaro au Unga Limited ana fedha kidogo mkononi na watoto wanaongoja. Kwa thamani ya kilo moja ya nyama ya ng'ombe aghalabu atapata kilo tatu au zaidi za mazao ya jamii ya kunde. Naye, kwa kuwa amefundishwa kwamba mlo usio na nyama ni dalili ya ufukara, hununua robo kilo ya nyama, akaipika mchuzi mwingi wa maji ili itoshe watu saba, na kila mmoja akapata kipande kisichomfaa mwili kwa lolote. Aibu hii yapasa kuondolewa, na historia ya pwani yetu yenyewe yatosha kuiondoa. Katika enzi ya Sayyid Said huko Unguja, forodha yote ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Baniani kutoka Kutch huko India, na hapana shaka kwamba mtu huyo alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani; lakini yeye na wenzake wa dini yake hawakugusa nyama, maadamu itikadi yao iliwakataza kumtoa uhai kiumbe kwa ajili ya tumbo. Matajiri wale walikula nafaka, dali, samli na mboga za majani, na hadhi yao haikupungua kitu.

Sababu ya pili ni kwamba tumekijua chakula cha Kihindi kwa upande mmoja tu. Tangu ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, uliodumu kutoka 1896 hadi 1901 na kuwaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na tangu wafanyabiashara wa Kigujarati walipoanza kufungua maduka bara, na zaidi tangu reli ilipofika Arusha kutoka Moshi mwaka 1929, tumekaa na watu hawa ukuta kwa ukuta. Katika ujirani huo, ama kwa mkono wao ama kwa mkono wa Waarabu waliowatangulia, tumepokea sambusa, bajia, kachori, achari, chapati na biriani. Tazama orodha hiyo kwa makini: karibu vyote ni vya karamu au vya kutafuna barabarani, vimezama katika mafuta au vimejaa nyama. Tulichukua chakula chao cha sikukuu, tukakiacha chakula chao cha Jumanne. Ndiyo maana mtu wa kawaida akisikia mapishi ya Kihindi hufikiri sufuria kubwa, samli kilo nzima, viungo vya aina kumi na mbili na mpishi wa kukodi, kumbe nyuma ya duka, katika jiko la mwenye duka, kulikuwa na chungu kidogo cha dali, chapati kavu, mboga moja na bakuli la mtindi, na chakula hicho kilikuwa tayari kabla ya sisi kumaliza kuchambua mchele wa pilau.

Chakula hicho cha Jumanne kilizaliwa katika nchi ngumu. Kutch na Kathiawar, walikotoka wengi wa Wagujarati wa Afrika Mashariki, ni nchi kavu zenye mvua za kusuasua, na mkulima wa huko hula mkate wa uwele pamoja na dali au mboga, kama vile mkulima wa Kipunjabi kwa upande wake alavyo mkate wa unga wa mahindi pamoja na majani ya haradali wakati wa baridi. Mtu wa Meru akiletewa sahani hiyo ya Kipunjabi hatakosa kumkumbuka bibi yake na ugali wake kwa mnafu.

Sasa nije kwenye mapishi yenyewe, nayo nitayaeleza kwa urefu, kwa kuwa nasaha isiyofika jikoni haimsaidii mtu. Mbaazi nzima zilizokauka ni ngumu, na hula moto mwingi. Wahindi waliliona hilo zamani na wakalitatua kwa kuzikoboa na kuzipasua kabla ya kuzipika. Aliye karibu na maduka ya Kihindi ya katikati ya mji atazipata zimekwisha kupasuliwa. Aliye na mbaazi zake mwenyewe na aziloweke usiku kucha, azianike juani mpaka zikauke kabisa, kisha azipitishe polepole juu ya jiwe la kusagia au azitwange kidogo katika kinu, si kwa nguvu ya kuzifanya unga bali kwa nguvu ya kuzivunja mara mbili, ndipo ganda litaachana na punje na ungo utamaliza kazi iliyobaki. Maganda hupewa ng'ombe.

Nusu kilo ya dali hiyo hutosha aila ya watu sita hadi wanane. Ioshwe mpaka maji yatoke safi, itiwe sufuriani na maji vikombe kama vinane na manjano nusu kijiko cha chai, ichemke, povu liondolewe, kisha moto upunguzwe. Baada ya nusu saa hadi dakika 45 punje zitakuwa zimelainika kiasi cha kuvunjika zenyewe. Hapo mpishi huzipiga kwa upawa mpaka zifanane na uji mzito. Nyanya na ukwaju visitiwe mapema, maana ukali wake huzuia punje kulainika, na wapishi wengi waliokata tamaa ya kupika jamii ya kunde walishindwa kwa sababu hiyo peke yake. Dali ikisha kuwa laini, ndipo hutiwa chumvi, nyanya mbili zilizokatwa, na ukwaju au ndimu kwa kadiri ya ulimi wa mtu.

Likabakia tendo la mwisho, ambalo ndilo roho ya upishi huu. Sisi tumezoea kuunga mwanzoni: twakaanga kitunguu, twatia nyanya, kisha maharage. Mhindi huunga mwishoni. Huweka kikaango kidogo motoni, akatia mafuta ya alizeti vijiko viwili au vitatu vya chakula, na mafuta yakisha kupata moto sawasawa hutupia binzari nyembamba nzima kijiko kimoja cha chai, na haradali akiwa nayo. Punje zikianza kulia na kurukaruka huongeza kitunguu saumu kilichopondwa na pilipili kavu moja, na kabla saumu haijaungua humimina vyote, na mafuta yake, juu ya dali iliyo tayari, akafunika sufuria papo hapo ili harufu isipotee. Kuna hekima ya kweli ndani ya tendo hili, kwa sababu harufu ya viungo huyeyuka katika mafuta kuliko inavyoyeyuka katika maji, na kiungo kilichochemshwa saa nzima ndani ya maharage kimekwisha kuuaga utamu wake mvukeni. Vijiko vitatu vya mafuta hufanya hapa kazi ambayo nusu kikombe hakikuweza kuifanya kule.

Chapati nayo yahitaji neno. Chapati ya kila siku ya Wahindi ni unga wa ngano na maji na chumvi kidogo, inasukumwa nyembamba, inaokwa juu ya chuma kikavu, na mwishowe huwekwa juu ya moto wenyewe kwa nukta chache ikavimba. Haitiwi mafuta jikoni. Akipenda mtu huipaka samli kidogo ikisha kuiva. Yetu ya Arusha, ambayo naipenda, huogeshwa mafuta mara mbili, na kwa hiyo imekuwa chakula cha Jumapili. Ikikaushwa, yaweza kurudi kuwa chakula cha siku zote.

Nimegusia moto, nami sitaki kulipita jambo hili kwa haraka, kwa kuwa katika mkoa wetu lina uzito mkubwa. Maharage na mbaazi nzima huchemka kwa saa mbili, saa tatu, na kwa mkaa wa leo gharama ya kuyaivisha yaweza kukaribia gharama ya kuyanunua. Ili kufupisha muda, akina mama wengi wa Arusha na Kilimanjaro hutia magadi, yale yatokayo Ziwa Natron na penginepo, na magadi hulainisha kweli. Lakini magadi hayo yana madini ya floraidi, na maji ya miteremko ya Meru, kwa asili ya volkano yake, yamekwisha kubeba floraidi nyingi katika vijiji kadhaa kupita ile miligramu 1.5 kwa lita iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya rangi ya udongo tuyaonayo vinywani mwa vijana wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki yametokana na hayo, na mtoto mchanga anayelishwa chakula kilichopikwa kwa magadi huongezewa mzigo juu ya mzigo. Dali iliyopasuliwa haihitaji magadi hata chembe. Serikali kwa upande wake, katika mkakati wake wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, imekusudia kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wakipikia nishati hiyo. Nami naona kwamba mtungi wa gesi utadumu katika nyumba ya kipato kidogo iwapo tu vyakula vyake vya kila siku vitakuwa ni vya kuiva upesi. Kumpa mtu jiko jipya na kumwachia chungu cha saa tatu ni kumrudisha kwenye mkaa kabla mwezi haujaisha.

Kwa watu wa mlimani, wenye ng'ombe na maziwa ya mgando, liko pishi jingine la Kigujarati ambalo nastaajabu halijapanda mpaka leo kwenye vijiji vyetu. Huitwa kadhi. Mtindi vikombe viwili hupigwa pamoja na unga wa dengu vijiko viwili vya chakula, huongezwa maji vikombe vitatu, manjano kidogo, tangawizi iliyopondwa na chumvi, kisha huchemshwa kwa moto mdogo huku mwiko haupumziki, na unga ule ndio unaouzuia mtindi usikatike. Huungwa mwishoni kwa binzari nyembamba kama dali. Watu waliolelewa kwa loshoro, ambao ulimi wao umezoea uchachu wa maziwa ndani ya chakula cha moto, hawatahitaji kushawishiwa. Na kwa wagonjwa na watoto upo mseto wa mchele na choroko, ambao watu wa pwani wanaujua na ambao Wahindi nao huuheshimu sana, laini, wenye manjano na kijiko cha samli juu yake.

Najua nitakaloambiwa kuhusu viungo: kwamba ni ghali. Si kweli kwa chungu hiki. Vinavyohitajika ni binzari nyembamba, manjano, pilipili na giligilani, vinanunuliwa kidogo kidogo, vizima, na vikitunzwa katika chupa yenye kifuniko hukaa miezi; wala nisingemshauri mtu kununua unga wa mchanganyiko uliokaa dukani muda usiojulikana, kwa sababu umekwisha kupoteza harufu. Vilivyosalia viko mlangoni petu: nyanya za Ngarenanyuki, vitunguu vya Mang'ola, tangawizi ya Same, mchele wa Moshi na Mto wa Mbu, na viazi, karoti, koliflawa na figiri katika soko la Tengeru kila Jumatano na Jumamosi. Viazi na koliflawa vikikatwa, vikageuzwa katika mafuta kidogo pamoja na binzari nyembamba na manjano, vikafunikwa viive kwa mvuke wao vyenyewe bila maji, ni mboga ambayo kazi yake haizidi robo saa.

Kuhusu siha nitasema kwa ufupi. Mbaazi kavu zina protini ipatayo sehemu moja ya tano ya uzito wake, na upungufu uliomo katika protini ya mahindi na mchele hujazwa na jamii ya kunde, na ule wa kunde hujazwa na nafaka, ndipo walao vyote viwili hupata kilicho kamili. Ukwaju au ndimu huusaidia mwili kuyafyonza madini ya chuma yaliyomo ndani ya dali. Vitamini B12 haimo katika mimea, na kwa hiyo bakuli la mtindi lisikosekane mezani kwa asiyekula nyama kabisa. Simwombi mtu aiache nyama. Namwomba aile ikiwa nyama ya kutosha, siku yake, na siku nyingine zote ale chakula kingine kwa fahari ileile.

Wapo watakaosema kwamba mkulima hufaidika zaidi akiuza mavuno yake yote, na msimu wa bei njema hoja hiyo ina nguvu. Lakini debe moja la mbaazi, ambalo uzito wake haupungui kilo 16, hata baada ya kutoa maganda ni vyungu zaidi ya ishirini vya dali kwa aila nzima. Akiyaweka ndani madebe mawili kati ya magunia yake, hasara yake kwa mnunuzi ni ndogo, na fedha ambazo mkewe angezipeleka buchani au kwenye duka la maharage hubaki nyumbani. Kinachomzuia leo ni kazi ya kupasua, maana kazi ya jiwe na kinu ni ya kuchosha kwa kiasi kikubwa hivyo. Hapo ndipo ningependa kuwaona wenye mashine za kusaga za Ngaramtoni, Usa River na Kisongo wakiingia: mashine ambayo mawe yake yanaweza kuachanishwa kidogo huweza kupasua mbaazi zilizolowekwa na kukaushwa, na mwenye mashine atakayetenga siku moja ya juma kwa kazi hiyo, katika miezi baada ya mavuno, kwa ujira usiozidi ule wa kukoboa mahindi, atapata wateja kuanzia mlangoni pake mpaka kwenye mabweni ya shule, ambayo kwa sasa hupika maharage ya magadi tangu alfajiri.